Siku Tatu za Kumfunza Kokwa

Mtaa mzima ulimwita Afande, ingawa maisha yake yote hakuwahi kuvaa nyota hata moja begani. Alikuwa mfunza mbwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye kampuni ya walinzi, si getini bali kule nyuma kwenye mabanda, akipokea mbwa wakubwa wenye hasira zao na kuwarudisha kazini wakiwa na adabu. Wapo waliofika kilo arobaini. Alistaafu akiwa na vidole tisa, na ukimuuliza habari za kile cha kumi alikusimulia kwa fahari, kama mzazi anayemsifu mwanawe aliyeko ng'ambo.

Basi mtu huyo huyo, akiwa na miaka sitini na sita, alikuwa ameshikwa pabaya na mbwa wa kilo moja na nusu.

Mbwa aliitwa Kokwa. Alikuwa wa ile jamii ndogo kabisa, wanaofugwa ili wapakatwe tu: macho yamemtoka, masikio makubwa kuliko uso, miguu myembamba ya kutia huruma. Hakuwa mbwa wa Afande. Alikuwa wa mke wake, fundi cherehani aliyeshonea nyumbani, na miaka tisa iliyopita mteja mmoja aliyekuwa akihama nchi alimwachia mbwa huyo ndani ya kikapu cha nguo. Afande aliporudi kutoka kazini jioni ile alicheka mpaka akakohoa.

"Huyu ni mbwa, au wamekuletea sampuli kwanza?"

Utani ule haukuisha miaka tisa. Alimwita kipande, alimwita panya mwenye cheo, alimuuliza mkewe kama amekumbuka kumpiga pasi. Mke alikuwa na majibu yake kwa mambo mengine yote, lakini kwa hilo alinyamaza tu. Alimtia Kokwa kwenye mfuko mkubwa wa aproni yake, akakanyaga cherehani, na Kokwa akaitazama dunia kutokea mfukoni mle na kuamua kwamba yote ni mali yake.

Maana ndivyo walivyo mbwa hawa. Wana mtu mmoja tu, na wengine wote ni wageni, hata wawe ndio wenye nyumba. Hutetemeka kwa baridi, hutetemeka kwa hasira, hutetemeka kwa furaha, na asiyewajua hudhani ni waoga. Si waoga hata kidogo. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wao ni wadogo, na wangeambiwa wasingeamini.

Halafu asubuhi moja mke alianguka akiwa anatia uzi kwenye sindano. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu, na maneno yakaenda nao. Mwanamke aliyekuwa akiongea na wateja, na redio, na hata cherehani yenyewe inapomkatia uzi, akabaki na sauti moja tu ya kooni ambayo haikuwa neno. Sasa ilikuwa miezi saba. Afande alijifunza kumgeuza, kumwosha, kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu yake, kuchuja uji usiwe na donge. Hakulalamika kwa mtu. Kila asubuhi alimuuliza, "Umeamkaje, mama?" akangoja kidogo, kiasi mtu anachongoja jibu, kisha akajijibu mwenyewe na kufungua pazia.

Aliyeweza kumfikia mama yule alikuwa Kokwa peke yake. Kokwa akilala kifuani pake, mama anafumbua macho, mkono wa kushoto unapanda na kumpapasa mgongo, mdomo unafunguka na kijiko kinapita. Kokwa akiondoka, mdomo unafungwa, na ubembeleze utakavyo. Dada wa mazoezi, aliyekuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha viungo, aliliona hilo mapema.

"Mzee, mimi nanyoosha mkono na mguu," alimwambia Afande mlangoni. "Hamu ya kuishi siwezi kuinyoosha. Akiipoteza hiyo, mimi sina langu hapa."

Kwa hiyo Afande alijua vizuri uzima wa mkewe umefungwa wapi. Umefungwa kwenye kile kipande alichokicheka miaka tisa.

Na Kokwa naye alikuwa amejipa ulinzi. Kitanda kilikuwa lindo lake, na hakuna aliyekaribia bila kibali. Alimuuma dada wa mazoezi mara ya kwanza kwenye kidole, wakacheka. Mara ya pili kwenye kifundo cha mkono, hakuna aliyecheka. Walijaribu kumfungia jikoni wakati wa mazoezi, akalia kwa sauti ya kutoboa masikio, na mama akakakamaa mwili mzima, machozi yakimtoka, mkono haukunjuki wala haunyooki. Wakamrudisha. Mara ya tatu alimrukia dada usoni akamchana mdomo, damu ikadondoka kwenye shuka, na dada akakusanya vitu vyake taratibu bila kupandisha sauti.

"Nina watoto wananitegemea, Mzee. Huyu mbwa akiwepo hivi, mimi sirudi."

Habari zikamfikia binti yao, ambaye alifanya kazi ofisini na kuja kuwatazama kila Jumamosi. Alipiga simu siku hiyo hiyo, Jumatano.

"Baba, Jumamosi naondoka na Kokwa. Kuna mwenzangu kazini anamtaka."

"Na mama yako?"

"Mama atazoea."

"Hatazoea. Hujamwona anavyokuwa Kokwa akikosekana."

"Baba, mkono ukikauka haurudi. Kamuulize dada mwenyewe. Ni mbwa au ni mkono, chagua."

"Nipe mpaka hiyo Jumamosi," Afande akasema. "Nitamfunza."

"Wewe? Miaka tisa hujamfunza hata kukaa!"

"Miaka tisa hakuwa mbwa wangu."

Alikata simu akiwa amepiga moyo konde. Tena alijisikia nafuu, na hapo tusimwonee. Miezi saba alikuwa akihangaika na mambo asiyoyajua, vidonge na vitambaa na vidonda vya mgongoni, na sasa hatimaye kazi imekuja ambayo yeye ndiye bingwa wake.

Kule mabandani walikuwa na dawa moja ya mbwa anayemuuma mlezi. Hapigwi. Afande hakuwahi kumpiga mbwa, na aliyempiga mbele yake alikiona cha mtema kuni. Mbwa anawekwa peke yake kwenye banda tupu, maji tele, chakula hapana. Hasemeshwi wala haonani na mtu. Siku ya tatu asubuhi mlezi anaingia na chakula kwenye kiganja. Mbwa akila kwenye kiganja hicho, yaliyopita yamepita, ni wako mpaka kufa. Mbwa mia mbili na kitu walipita mikononi mwake hivyo na hakuna hata mmoja aliyedhurika. Mbwa mkubwa ana akiba mwilini, siku mbili kwake ni kama wewe kukosa chai ya jioni. Hilo la akiba Afande alilijua. Hakulifikiria.

Alitafuta glavu zake za kazi, zile nene za ngozi, akaingia chumbani na kumnyakua Kokwa kifuani pa mama kama anayetoa kaa la moto. Kokwa aliuma glavu, akauma hewa, akalia. Alikuwa amevaa kisweta ambacho mama alimshonea kwa mabaki ya vitambaa. Afande alimvua. Mbwa gani anafunzwa amevaa sweta? Akamweka kwenye stoo ya uani, sakafu ya saruji, gunia moja la kulalia na bakuli la maji ambalo Kokwa angeweza kuogelea humo. Akafunga.

Aliporudi, mkono wa kushoto wa mama ulikuwa unapapasa blanketi, hapa, na hapa, na hapa.

"Yuko shule, mama," Afande akasema. "Siku mbili tu. Akirudi ana cheti."

Aliona ni utani mzuri. Mama alimtazama kwa muda mrefu, akatoa ile sauti yake ya kooni, kisha akageuzia uso ukutani.

Alhamisi ilikuwa siku mbaya. Manyunyu yalianza alfajiri na baridi ikaingia mpaka kwenye vitasa. Mama hakufungua mdomo. Afande alijaribu uji, akajaribu maziwa, akajaribu kumwimbia, jambo ambalo hata akiwa mzima lilimtoa mbio. Kijiko kiligonga meno yaliyofungwa, uji ukateremka kidevuni, akaufuta, akaanza tena. Saa nne akaomba. Saa sita akafoka, akajuta, akaomba msamaha. Alikuwa akimnyima chakula mbwa mmoja, na sasa alikuwa na wawili wasiokula chini ya paa moja, na dawa ya wote alikuwa nayo yeye mfukoni, ufunguo wa stoo.

Kokwa alilia asubuhi nzima. Ilipofika alasiri kilio kikawa cha hapa na pale, halafu kikakatika kabisa.

"Anaanza kuelewa," Afande akamwambia mama, na akajilazimisha kuamini.

Alitoka akasimama mbele ya mlango wa stoo na ufunguo mkononi. Alisimama hapo mpaka mabega yakalowa. Ni yeye aliyewafundisha vijana wa kampuni, mwaka baada ya mwaka: ukifungua kabla ya wakati, umemfunza mbwa kwamba kulia kunalipa, na siku zote mbili umezitupa. Hakuwa na siku nyingine za kutupa. Akarudi ndani.

Ijumaa asubuhi alichemsha yai, akalimenya, akalivunjavunja kwenye kiganja kitupu, bila glavu. Akafungua stoo, akapiga mluzi ule wa mabandani, mfupi, wa kuteremka.

Kokwa alikuwa amelala ubavu nje ya gunia, juu ya saruji. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona. Miguu ilikuwa inachezacheza kama inayokimbia, inatulia, inachezacheza tena. Afande alipiga magoti. Alimgusa tumbo, tumbo lilikuwa baridi. Alifunua mdomo, na ufizi uliotakiwa kuwa na rangi ulikuwa mweupe kama karatasi. Kokwa hakumuuma. Hilo ndilo lililomkata maini. Angetoa kidole kingine siku ile, kwa hiari yake, ili mbwa yule amuume.

"Kokwa. Kokwa, baba. Hebu kula." Alimsogezea yai puani. "Kula basi, kipande changu."

Yai likaanguka. Alijaribu kumtilia maji, yakatokea upande wa pili wa mdomo na Kokwa akapaliwa. Akampigia daktari wa mifugo, akasikia ng'ombe wakilia nyuma ya sauti yake.

"Nipo mashambani, Mzee, nachanja. Nikimaliza nitapita jioni."

"Jioni hatafika."

"Mzee, siwezi kuwa sehemu mbili."

Mbwa mia mbili na kitu, na Afande hakujua la kufanya. Aliowajua walikuwa wanavunjika, wanachanika, wanapata minyoo. Hakuwahi kumwona mbwa anayezimika kama taa kwa sababu amekosa milo. Alimfunga kwenye taulo, akamshika kifuani, na wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la aibu, nalo nitalisema kwa sababu ni la kweli: amfiche. Amzike nyuma ya stoo, amwambie mama kwamba binti alikuja mapema akamchukua.

Lakini dirisha la chumba cha kulala lilitazama uani. Mama alikuwa ameona taulo. Alianza kupiga ukuta kwa mkono wa kushoto, pu, pu, pu, na ile sauti ya kooni ikapanda mpaka ikawa mlio. Afande aliingia mbio na Kokwa mikononi, akasimama pale kitandani na machozi yanamtiririka, mtu mzima.

"Mama, nimemuua. Nisamehe. Nilitaka asiondoke. Nilitaka abaki na wewe, nimemuua."

Mama hakumtazama hata mara moja. Alimtazama Kokwa, kisha akanyoosha mkono kuelekea meza ya cherehani iliyokuwa pembeni, imefunikwa kitambaa tangu siku ile. Alinyoosha tena. Tena.

"Nini? Unataka nini pale?"

Akamletea miwani. Mama akaipiga ikaanguka. Akamletea aproni, akadhani anataka kumtia Kokwa mfukoni. Mama akaitupa. Akamletea mkasi, akamletea kopo la vifungo, akamletea redio. Kila kitu kilikuwa sicho, na kila mara mkono ulipiga godoro kwa hasira, na Kokwa kwenye taulo alikuwa sasa amenyamaza hata miguu. Afande hakuwahi kumwona mtu akiwa na jibu zima kichwani na njia ya kulitoa hana. Miezi saba alikaa naye chumba kimoja na hakuwahi kuliona. Mwisho alichomoa droo nzima ya meza na kuimwaga kitandani: nyuzi, sindano, chaki, utepe wa kupimia, chupa ndogo ya dawa ya kikohozi.

Mama aliidaka chupa. Afande aliijua chupa ile, ilikuwa na karatasi ya duka la dawa na ilikaa kwenye droo hiyo miaka nenda rudi. Mama aliibana kati ya kidevu na bega, hakuweza kuifungua, akaingiza kizibo mdomoni na kukizungusha kwa meno, ya upande mmoja tu yenye nguvu, mpaka kikafunguka na kutemwa kwenye shuka. Akachovya kidole, akakipeleka kwenye mdomo wa Kokwa.

Afande akamshika mkono.

"Hapana, mama! Hiyo ni dawa ya kikohozi, itammalizia! Lete hapa."

Akaivuta chupa. Mama akaishikilia. Walikuwa wakivutana hivyo juu ya kile kimwili, mume na mke wa miaka thelathini na minane, wakati mama alipomtazama sasa, machoni, na midomo yake ikajikusanya upande, ikatetemeka, ikafunguka.

"Toka."

Afande aliachia chupa.

"Umesema nini?"

"Toka," akasema mama. Lilitoka zito, lina mate, lakini lilikuwa neno zima, halikupungua kitu.

Alitoka. Alisimama kwenye korido, mgongo ukutani, na ndipo harufu ilipomfikia kutoka kwenye vidole vyake mwenyewe. Alivinusa, kisha akavilamba. Ilikuwa asali. Chupa ya dawa ya kikohozi ilikuwa na asali. Basi haikuwa mara ya kwanza. Kumbe kipande kile kiliwahi kuzimika, pengine mara nyingi, pale pale chini ya cherehani, na mkewe alikuwa anakiwasha tena kwa kidole chenye asali, anakilisha kidogokidogo mara nne kwa siku, anakivisha sweta, wakati bingwa wa mbwa yuko kazini. Hakumwambia. Na angemwambia vipi mtu ambaye angeanza kucheka kabla hajamaliza sentensi?

Aliteleza ukutani mpaka akakaa chini. Alilia, na asingeweza kukuambia analia kwa lipi, neno lile au mbwa yule. Miezi saba alikuwa amelingoja neno moja kutoka kinywani mwa mkewe. Alilifikiria usiku na mchana litakuwa lipi, jina la binti yao labda, au maji, au hata tusi la utani. Hakufikiria lile.

Muda ukapita, hakujua kiasi gani. Kwenye upenyo wa mlango aliona mkono wa kushoto ukienda na kurudi, chupa, mdomo, chupa, mdomo. Baadaye aliona ulimi, mdogo, umetoka kukifuata kidole. Haukufika, ukarudi. Ukatoka tena ukafika.

Alichukua simu akampigia dada wa mazoezi.

"Amesema," akamwambia.

"Nani amesema?"

"Mama. Neno zima. Mara mbili."

"Amesema nini, Mzee?"

"Ameniambia nitoke."

Dada alianza kucheka, akaacha, akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Kwani umefanya nini?"

Akamwambia yote, bila kupunguza, hata lile la kuzika nyuma ya stoo. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuja leo mchana," akasema. "Mtu akianza kusema haachwi. Mbwa abaki hapo hapo kitandani."

"Atakuuma."

"Najua. Nitavaa glavu zako."

Afande alikwenda jikoni akapika uji, mwepesi, akauchuja mara mbili. Akachemsha yai jingine na kulisaga kwa uma mpaka likawa laini kabisa, akaliweka kwenye kisahani peke yake. Akachukua kile kisweta cha mabaki ya vitambaa na kukipasha joto juu ya sufuria. Alivibeba vyote kwenye trei mpaka mlangoni pa chumba ambacho alilala ndani yake miaka thelathini na minane, na akiwa ameshainua mguu aingie, akasita, akaurudisha.

"Hodi," akasema.

Aliusikia mkono unapapasa blanketi, na mkwaruzo mdogo wa kucha kwenye shuka. Uji ulikuwa unapoa. Akabisha tena, polepole zaidi, akasubiri.